Fomu ya Mtandaoni Ndani ya Gari ya Konde

Jumamosi, Malindi (Unguja) hadi Mkoani (Pemba)

Upepo wa kusi ulikuwa umeamka kabla yetu. Boti ilipoiacha Nungwi nyuma, mabaharia wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia, na abiria waliozoea wakajifunika nyuso wakalala. Mimi nilijishughulisha na simu mpaka mtandao ulipokata katikati ya mkondo.

Safari ni ya kifamilia. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, na bodi ya mikopo imefungua dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mama yake kanipigia: "Kaka, skuli zimefungwa, njoo umsimamie mtoto." Mwalimu mwenzangu akaniuliza napanda boti ya nini ilhali fomu yenyewe iko mtandaoni. Nikamwambia aniulize nikirudi. Nimechukua daftari, maana suala lake si la kijinga: mtu wa Pemba asiye na kompyuta akitaka kusoma jambo la Serikali leo, anakwenda wapi, na linamtoa shilingi ngapi?

Suala lenyewe si jipya. Waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na ujumbe ulilipiwa kwa neno. Tajiri wa mjini aliweza kuuliza bei ya karafuu London. Mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu Pemba alijua alichoambiwa na mnunuzi.

Mkoani tumeteremka salama. Ukitoka bandarini unaanza kupanda mlima moja kwa moja, kuelekea upande wa Hospitali ya Abdalla Mzee, na kabla ya kufika gari zilipo nikakuta ubao wa matangazo. Kulikuwa na mtu kapoteza kitambulisho, ratiba ya boti, na nafasi za kazi. Tangazo la kazi lilijaa nembo na salamu, halafu mstari mmoja wa haja: sifa na namna ya kuomba zinapatikana kwenye tovuti. Vijana wawili walikuwa wanalipiga picha. Nikawauliza kama wataifungua hiyo tovuti. Mmoja akasema, "Tunamtumia kaka yetu yuko Dar, yeye ana bando." Yaani tangazo la kazi ya Pemba lilikuwa linavuka kwenda Dar es Salaam likasomwe, kisha jibu lirudi.

Gari ya 603 ikatufikisha Chake kabla ya magharibi.

Jumapili, Chake Chake

Ofisi zimefungwa, nimekaa kwa shangazi. Ameshapita miaka 70, kwa hiyo ni mtu wa pensheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wote wa umri huo mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haijali umechangia mfuko gani wala ulifanya kazi wapi. Ukiwa mkaazi na umri umefika, unalipwa.

Nikamuuliza siku ya malipo anaijuaje. Akahesabu kwa vidole: anayetumwa na sheha (kiongozi wa Serikali wa mtaa), redio, na mke wa jirani. Simu anayo, ya kitochi, na anaitumia kupokea tu.

Mjukuu wake akaingilia kati na simu yake kubwa. Kuna picha imezunguka kwenye kundi la WhatsApp, inasema wazee wafike kesho asubuhi na vitambulisho vyao. Picha ilikuwa imekatwa juu na chini, hivyo nembo haionekani wala tarehe. Shangazi akaomba asomewe mara ya pili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ya lini hiyo?"

"Haijaandikwa, bibi."

"Basi karatasi isiyo na siku si tangazo. Niachie nilale."

Jioni mtu wa sheha alipita kwa jambo jingine, tukamuuliza. Picha ilikuwa ya zamani. Lau shangazi angekuwa mtu wa kuamini kila kinachong'aa, angeamka alfajiri, angelipa nauli, angekaa juani na magoti yake yale. Nimeanza kuona kwamba ughali wa habari hauko kwenye bando peke yake. Habari mbovu nayo ina nauli yake, na anayeilipa mara nyingi ni yule asiyeweza kuihakiki.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na zaidi ya laki tano kati yao wako kisiwa hiki. Sijui wangapi wanafanana na shangazi kwa ukali wa masuala. Natamani wawe wengi.

Jumatatu, Chake Chake

Mpwa wangu kafika na gari ya mwanzo kutoka kaskazini, bahasha ya kaki kifuani. Kwao ni ng'ambo ya msitu wa Ngezi, na huko hakuna wa kumprintia ukurasa mmoja.

Steshenari tuliyoingia iko karibu na soko. Ni chumba kidogo chenye kompyuta mbili, printa inayoskani, na mashine ya kutolea kopi iliyofunikwa kanga kwa ajili ya vumbi. Foleni ilikuwa inatokea hadi barazani, wote wenye bahasha za kaki. Kijana wa humo, ambaye umri wake haumzidi mpwa wangu kwa mengi, alikuwa anauliza kwa mfululizo kama karani wa mahakama: namba ya mtihani ya kidato cha nne? Namba ya NIDA? Picha? Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa? Hili la cheti tulikuwa tumeshalimaliza kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ule ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ambao kwa waliozaliwa Zanzibar ndio wenye kazi hiyo. Walioishia kwenye cheti ambacho hakijahakikiwa waliondolewa kwenye foleni kwa upole, lakini waliondolewa.

"Barua pepe unayo?"

Hana. Kijana akamfungulia moja pale pale, akamtungia paswedi, kisha akavuta daftari kubwa la kaunta lenye jalada gumu, akaandika: jina, barua pepe, paswedi, namba ya simu. Nikainama kutazama. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa, na ukurasa wa kabla yake, na wa kabla yake. Paswedi nyingi ni jina la mwombaji na mwaka wa kuzaliwa. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na kila aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliweka kiwiko juu yake.

"Mwanangu, hili hulifungii?"

"Maalim, hawa wasahaulifu. Mtu anarudi baada ya mwezi hakumbuki hata barua pepe yenyewe, na ujumbe wa bodi umeingia humo humo. Nisipoandika mie, nani atamwambia amepata?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kijana si mwizi. Ni tarishi, mtunza nyaraka na mkalimani wa Kiingereza, kazi ambazo hakuna aliyemwajiri nazo, na analipwa kwa ukurasa. Kujaziwa fomu shilingi 5,000, kuprinti 300, kuskani 500. Ada ya bodi yenyewe ni 30,000, unapewa kontroli namba, unalipia kwa simu. Hakuna lililofichwa, bei zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa maka pen, wazi kuliko ofisi nyingi ninazozijua.

Halafu likaja la kutia kichekesho. Fomu ikishajazwa mtandaoni inaprintiwa, inasainiwa na mdhamini, inasainiwa na kupigwa muhuri na sheha wa mwombaji, kisha inaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Mdhamini ni baba yake, yuko Wete. Sheha yuko kwao. Kwa hiyo fomu ya mtandaoni itapanda gari.

Mchana nikampeleka maktaba, tawi la Shirika la Huduma za Maktaba hapa Chake, apumue kidogo. Watoto wa skuli wamejiinamia, mzee mmoja yuko na *Zanzibar Leo*, kimya. Nikakaa nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniomba. Hapa kuna meza, kivuli, kiti cha mgongo, na mtu anayejua kupanga karatasi za watu bila kuziacha wazi. Kule steshenari kuna ujuzi na mashine. Mtu angehamisha kijana mmoja na skana moja kwenye nyumba ya namna hii katika kila wilaya, akaweka bei ya shilingi 100 kwa ukurasa wa Serikali, huduma ingekuwa imepatikana kabla semina ya kuijadili haijaitishwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umeshajenga vituo vya TEHAMA katika visiwa hivi, wazo lenyewe si geni. Kinacholeta watu ni yule anayekaa ndani yake asubuhi hadi jioni, na mshahara wake wa mwezi wa kumi na tatu, mradi unapokuwa umekwisha.

Jumanne, Wete

Gari ya 606. Baba wa mwombaji tumemkuta sokoni, akasaini fomu juu ya gunia la mchele baada ya kulipangusa kwa kiganja mara mbili. Aliuliza suala moja tu: "Nikifa deni hili la nani?" Mtoto hakujua. Nami sikujua. Tukaanza kutafuta kwenye simu yangu, na hapo ndipo nilipokutana na faili langu la wiki.

Ofisi nayohifadhi jina lake ilikuwa imeweka mwongozo wa kurasa mbili. Mtu aliuandika kwenye kompyuta, akauprinti, akaupiga muhuri, akauskani ukiwa umelala upande, akaupandisha mtandaoni. Faili likawa na megabaiti 14. Maandishi matupu ya kurasa mbili hayafiki hata kilobaiti kumi. Tulisimama chini ya mwembe tukitazama duara likizunguka, mpaka baba mtu akasema basi, atamuuliza mwanasheria msikitini. Na ukishalifungua, kwa kuwa ni picha, huwezi kutafuta neno "deni" ndani yake, na kipofu mwenye simu inayosoma kwa sauti hasikii chochote. Kinyume chake, mwombaji akipandisha faili linalozidi kipimo, mfumo unamkatalia. Adabu ya faili dogo inadaiwa upande mmoja tu.

Alasiri nikakaa barzani, kahawa na halua, na Wete halua hawaifanyii mchezo. Barza hii ina msomaji wake. Mwenye bando anasoma, wengine wanamlipia kahawa. Leo alikuwa na taarifa rasmi ya kikao cha Baraza la Wawakilishi, ile inayorekodi neno kwa neno yaliyosemwa Chukwani. Imewekwa mtandaoni, Kiswahili, maandishi ya kweli. Wakamtafutia mwakilishi wao, wakamkuta, wakapima alichoahidi barzani na alichouliza barazani. Mtu mmoja akasema, "Kumbe alinyamaza!" Ikapigwa kelele mpaka muuza kahawa akaja kuangalia kuna nini. Bando moja, masikio kumi na kitu. Nilipenda sana.

Kisha wakataka sheria yenyewe iliyokuwa inajadiliwa. Msomaji akaifungua, akanyamaza, akampa simu mzee wa pembeni aliyekuwa karani wa mahakama. Mjadala ulikuwa wa Kiswahili, sheria imeandikwa Kiingereza. Karani akaanza kuifasiri kifungu kwa kifungu, na masikio yakaanza kupungua.

Huyu karani ni hazina. Alitukumbusha kwamba Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inataja haki ya raia kupewa taarifa za mambo yanayohusu maisha yake, na kwamba Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ambayo watu huitaja redioni ni ya Tanzania Bara, huku haivuki bahari. Nikawatupia nami langu: tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka shabaha kwamba hadi 2025 intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya kipato cha wastani cha mtu kwa mwezi.

"Cha wastani," akarudia muuza kahawa. "Wangu mie na wa mwenye hoteli tukichanganya?"

Jua likiwa linashuka tukapanda gari ya 24 kwenda Konde kulala. Fomu mapajani mwa mpwa wangu, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko, kwa sababu jirani yake alikuwa amepakata ndoo ya samaki.

Jumatano, Konde na Tumbe

Sheha kasafiri, atakuwepo kesho. Nikashuka Tumbe kutazama mnada.

Kusi likivuma hivi ngalawa nyingi zinalala, na wavuvi wanakuwa na muda wa kuzungumza. Nikamuuliza nahodha mmoja hali ya hewa anaipata wapi. Akaniangalia kwanza, kisha akaangalia mawingu, kisha akatoa kitochi kilichofungwa kwenye nailoni na mpira. Anabonyeza *152*00#, menyu ya huduma za Serikali, isiyohitaji bando wala simu kubwa. Kwa njia hiyo hiyo wanafunzi wanapata matokeo yao ya mtihani. Nikiri upendeleo wangu: menyu hii ya nyota na reli haina picha, haina rangi, hakuna waziri anayepigwa picha akiizindua mara ya pili, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko tovuti zote za wiki hii.

Lakini nahodha ana malalamiko ya kiufundi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri kwa ukanda: pwani ya kaskazini, ndani yake Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba kwa pamoja. Upepo kilomita kadhaa kwa saa, mawimbi mita mbili.

"Mita mbili za wapi, Maalim? Ndani ya mwamba au nje? Mie nikienda dago nalala huko. Ndani ya mwamba naweza kutega, nje nazama." (Dago ni kambi ya wavuvi wanaolala mbali na kwao.)

Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwezi wa Mei 2024, hapa hawakusubiri menyu. Walisikia redioni, wakasikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, na waliokuwa dago walifuatwa kwa simu mmoja mmoja. Kwenye kibanda cha chai, Redio Jamii Micheweni ilikuwa inaendelea kwa sauti ya chini. Zikafika dakika za matangazo, na mwenye kibanda akanyoosha mkono akaongeza sauti bila kukatisha maneno yake. Mtangazaji akataja siku, tarehe na mahali, akarudia. Shangazi angeridhika.

Wanawake wa mwani waliposikia nina mtandao wakaniita kivulini. Wana kikundi, wamesikia kuna mikopo ya vikundi, na kila mtu anawaambia masharti yake: huyu anasema lazima mwe kumi, yule anasema lazima muwe na akaunti benki, wa tatu anasema mpaka ujuane na mtu. Nikatafuta. Safari hii bahati ilikuwa yetu: ukurasa wa maandishi matupu, Kiswahili, masharti kwa namba, ukafunguka hata kwa mtandao wa kuvizia wa Tumbe. Nikasoma, mmoja wao akaandika kwenye daftari la hesabu za mwani, polepole, akiniamuru nirudie. Walipofika kwenye sharti la katiba ya kikundi, mwenyekiti wao akasema, "Hiyo tunayo tangu zamani, imo kwenye sanduku." Wakaanza kucheka. Wamekaa miezi wakidhani kilichokosekana ni kujuana na mtu.

Sikuwafanyia lolote ambalo mtoto wa darasa la saba mwenye simu asingeweza. Ila mtoto huyo angelihitaji bando, na mtu wa kumwambia atafute neno gani.

Wakati wa kurudi nilipita chumba cha kompyuta cha jamii, sitakitaja. Kina kufuli. Mpita njia akanionesha kwa kidole nyumba ya mwenye funguo, kisha akaongeza kwamba mwenye funguo yuko Unguja.

Alhamisi, ng'ambo ya Ngezi

Bodaboda mbili, mimi na mpwa wangu. Barabara inapoingia msitu wa Ngezi, miti inafunga juu, baridi inakupiga ghafla na simu inakuwa saa ya kutazamia wakati tu. Ukitokea upande wa pili, minara inarudi kwa vistari viwili, ukisimama pahala pazuri.

Sheha tulimkuta chini ya mlimau mbele ya ofisi. Shikamoo, marahaba, habari za Unguja, hali ya mama, ndipo karatasi. Hakuisaini hovyo. Aliisoma yote, miwani ikiwa puani, akamuuliza mtoto jina la babu yake upande wa mama, akatikisa kichwa kuridhika. Muhuri ulikuwa mkavu. Akachukua glasi ya maji aliyokuwa anakunywa, akadondosha matone matatu kwenye sponji ya wino, akasubiri, akajaribu kwenye kona ya gazeti, akaona bado, akaongeza tone moja, kisha akaupiga mhuri kwenye fomu kwa mikono miwili, akabaki ameukandamiza wakati anamwombea mtoto dua. Ulitoka wa zambarau, kingo zimechuruzika kidogo, lakini jina la shehia linasomeka. Hakuchukua senti.

Ubao wake wa matangazo una wavu wa waya mbele. Nusu ya karatasi zimepauka hata huwezi kujua zilikuwa na rangi gani. Nikamuuliza mapya yanafikaje.

"Kwa WhatsApp. Zamani ililetwa barua, ukaibandika. Sasa naletewa kwenye simu. Kuitoa kwenye simu niiweke ukutani, naipeleka Konde. Nauli yangu, ukurasa wangu."

"Kwa hiyo unabandika zote?"

"Nabandika zinazouma. Nyengine nasema kwa mdomo."

Nikaandika sentensi hiyo daftarini kama alivyoisema. Ofisi iliyotuma tangazo imeokoa karatasi, bahasha na dereva. Gharama haikufutika, imeteremka ngazi kwa ngazi mpaka ikafika kwa mtu wa mwisho asiyekuwa na wa kumteremshia. Naye, kwa kuwa ni binadamu mwenye mfuko, amekuwa mhariri: yeye ndiye anayeamua kipi kitasomwa na shehia nzima. Bahati ya shehia hii sheha wao ni mtu mwema. Lakini sidhani kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo.

Mpwa wangu akamwomba kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa imetundikwa ndani. Akageuza nyuma, akaandika kwa maka pen niliyokuwa nayo: maombi ya mikopo yako wazi, siku ya kufungwa hii, njoo na hivi na hivi, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza, ada 30,000, usilipe mtu zaidi ya hapo kwa ajili ya bodi. Herufi kubwa, zinasomeka kutoka barabarani. Sheha akasimama nyuma yake akisoma.

"Ongeza na namba yako ya simu, wakukere wewe."

Akaiongeza. Alipomaliza kuibana kwa misumari, wavulana watatu waliokuwa wanacheza mpira walikuwa wameshasimama mbele yake, mmoja anawasomea wenzake.

Ijumaa, Konde

Tumewahi asubuhi kabla watu hawajafunga kwa ajili ya sala. Steshenari ya Konde ni ndogo kuliko ya Chake, kompyuta moja, na mwenye nayo anauza pia madaftari, chaja na umeme wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla. Fomu ikaskaniwa. Mfumo ukaikataa, nzito. Mwenye duka akaipunguza, ikawa nyepesi lakini muhuri wa sheha ukageuka doa la zambarau. Akaskani upya kwa rangi nyeusi na nyeupe, akapunguza kidogo kidogo, mpaka jina la shehia likabaki na faili likakubaliwa. Ustadi wa namna hii haufundishwi popote, na bila yeye matone yale ya maji yangekuwa bure.

Mpwa wangu akaomba kiti. Safari hii aliandika mwenyewe, vidole viwili, na kabla ya kutuma akaingia kwenye barua pepe yake akabadilisha paswedi ile iliyoko kwenye daftari la Chake. Mimi na mwenye duka tukageuka kutazama barabara. Kisha ukatokea ujumbe kwamba maombi yamepokelewa.

Nikajumlisha kwenye daftari. Ukiweka nauli za gari na bodaboda, kula njiani, kujaziwa, kuprinti, kuskani mara mbili, jumla inakaribia ada ya bodi yenyewe. Bando ndilo lililokuwa jepesi kuliko vyote. Mwenzangu wa skuli nitamwonesha ukurasa huo. Tena mpwa wangu alikuwa na mjomba wa kumlipia.

Wakati tunaondoka, simu yake ikaita. Jirani wa kule kwao kaiona kalenda, anauliza yeye cheti chake kina jina moja na la skuli jengine, afanyeje. Hajamaliza kumjibu, ikaingia nyengine. Mwenye duka akasikiliza huku anamuuzia mtu umeme, kisha akamuuliza kama anaweza kuja kukaa kwenye hicho kiti mpaka dirisha la maombi lifungwe, maana yeye peke yake foleni imemshinda. Wakaelewana malipo kwa siku. Mpwa wangu akatoa sharti moja: hapatakuwa na daftari la paswedi, kila mwombaji ataandika yake kwenye kipande chake cha karatasi na kuondoka nacho.

Mwenye duka amekubali. Ila amesema watakaorudi baada ya mwezi wamepoteza hivyo vipande, atawapa namba ya mpwa wangu.